Ndani ya bundo la kipepeo: si usingizi, si uji

Bundo la kwanza nililowahi kulilea, yaani lile ganda ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, nililitupa mwenyewe. Lilikuwa limening'inia chini ya kifuniko cha chupa kwa siku tisa, kijani kibichi, nadhifu kama kipuli cha sikioni, kisha usiku mmoja likageuka jeusi. Nikaamua limeoza. Nikalibandua, nikalifunga kwenye karatasi, nikalitia pipani. Kesho yake nilipofunua pipa nikaona karatasi inatikisika. Ndani yake alikuwemo kipepeo mzima, ila mabawa yake yalikuwa yamekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa kikaachwa kukauka vivyo hivyo. Hakuruka hata siku moja.

Weusi ule haukuwa uozo. Zilikuwa rangi za mabawa yake, zikionekana kupitia ganda lililokuwa limekwisha kuwa jembamba na angavu. Tangu siku hiyo nimelea mabundo mengi, na nimeona kuwa makosa yetu mengi katika hatua hii yana mizizi miwili. Wako wanaodhani mdudu amelala tu mle ndani, hakuna kinachoendelea. Na wako wanaoamini kwamba kiwavi ameyeyuka mzima mzima akawa uji, na kwamba kipepeo ataumbwa kutokana na uji huo bila kurithi hata kiungo kimoja. Hawa na wale wamekosea, na ukijua kinachotendeka hasa utajua pia lini uguse na lini ukae mbali.

Kwanza jina. Vitabu vya shule huita hatua hii pupa, neno la Kilatini lililokuwa na maana ya msichana au mwanasesere. Bahati mbaya Kiswahili tayari kilikuwa na pupa yake, ile ya mtu anayetaka jambo kabla ya wakati wake, na wahenga walikwisha kumwambia kuwa mwenye pupa hadiriki kula tamu. Sijui hatua nyingine ya maisha ya kipepeo inayochukia pupa kuliko hii ya pupa. Basi mimi hutumia bundo. Na bundo si kifukofuko. Kifukofuko ni nyumba ya nyuzi za hariri ambayo viwavi wengi wa nondo hujifumia kabla ya kugeuka; bundo hukaa ndani yake. Vipepeo, isipokuwa aina chache, hawajifumii nyumba. Bundo lao liko wazi, ngozi yake ndiyo ukuta wake, na ndiyo maana mtu anayelea vipepeo nyumbani anaweza kuyaona mambo ambayo kwa nondo hufichika.

Kazi huanza kiwavi angali anakula

Kiwavi wa aina nyingi za vipepeo hujivua ngozi mara nne anapokua. Mara ya tano, chini ya ngozi kuukuu hatoki tena kiwavi mkubwa zaidi, hutoka bundo. Kwa nini mara hiyo na si nyingine? Hapo kuna homoni mbili zinazoshindana. Ekidisoni huamuru: vua ngozi. Ya pili, ambayo wanasayansi huiita homoni ya utoto, huongeza sharti: vua, lakini ubaki kiwavi. Maadamu hii ya pili imejaa mwilini, kila ngozi ikidondoka huonekana kiwavi yuleyule, amenenepa tu. Kiwavi akishafikia ukubwa unaotosha, homoni ya utoto hupungua, na ekidisoni inapokuja safari hiyo haimkuti wa kuizuia.

Amri hii hubebwa na kitu kidogo ajabu. Mwaka 1954 wanakemia wawili wa Ujerumani, Adolf Butenandt na Peter Karlson, walifaulu kwa mara ya kwanza kuipata ekidisoni ikiwa safi. Walihitaji kilo 500 za mabundo ya nondo wa hariri. Walichovuna kilikuwa miligramu 25.

Lakini mabawa hayangoji bundo. Ndani ya kiwavi anayetafuna majani mbele ya macho yako tayari kuna vifundo vidogo vya seli, viwili viwili, vilivyotengwa kwa ajili ya mabawa. Na miguu mirefu, vipapasio na macho ya kipepeo nayo yana seli zake zinazongoja zamu. Katika siku za mwisho za ukiwavi vifundo hivyo hukua kwa kasi. Mholanzi mmoja wa karne ya 17, Jan Swammerdam, aliyekuwa na mkono mwepesi na visu vidogo mno, alimpasua kiwavi aliyekaribia kugeuka, akaonyesha sehemu za kipepeo zikiwa zimekunjwa chini ya ngozi. Zama hizo wengi waliamini kwamba kiwavi hufa na kiumbe kingine huzaliwa mahali pake. Swammerdam aliona kwamba ni mdudu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa mlezi wa nyumbani, dalili ya kwanza ni kiwavi kuacha kula. Anatoa kinyesi cha mwisho, mara nyingi chenye majimaji kuliko kawaida, rangi yake inafifia au inabadilika, kisha anaanza kutembea. Anapanda ukuta wa kizimba, anashuka, anazunguka, anapanda tena. Mtu asiyejua humrudisha kwenye majani mara tano kwa siku akidhani anaumwa. Mwache. Anatafuta mahali. Kiwavi mgonjwa kweli hazururi hivyo: hulegea, hutoka maji mdomoni au nyuma, na yule aliyepatwa na virusi mara nyingi huishia kuning'inia kama mfuko wa ngozi uliojaa maji meusi. Huyo mtoe haraka, na kizimba ukioshe kwa maji yenye dawa ya klorini kabla ya kuweka wengine.

Akipata mahali, anafuma kitako kidogo cha hariri, duara jeupe lisilozidi kichwa cha pini ya ushonaji. Kuanzia hapo familia zinaachana. Viwavi wa milimau na michungwa, na viwavi wa vipepeo weupe, wale wanaokula kabichi, hujishikiza mkia kwenye kitako hicho, kisha hujifunga uzi wa hariri kiunoni, kichwa juu, mfano wa mkwezi wa mnazi aliyejifunga kamba. Wale wa familia ya Nymphalidae, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, hujitundika kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, wamejikunja kama ndoana. Hukaa hivyo saa nyingi, pengine usiku kucha, wasitikisike. Usiwaguse.

Dakika tano za hatari

Kama una nafasi ya kukesha na jambo moja tu katika maisha ya kipepeo, acha kutoka kwake. Kesha na kugeuka kwa kiwavi aliyening'inia. Ndoana inaanza kunyooka. Kwa aina zenye pembe laini kichwani, pembe hizo zinalegea na kujisokota kama uzi uliolowa. Halafu mawimbi yanapita mwilini, kutoka chini kwenda juu, ngozi inachanika nyuma ya kichwa, na kitu cha kijani chenye unyevu kinaanza kujitokeza huku ngozi ikisukumwa kuelekea mkiani kama soksi inayovuliwa.

Sasa fikiria tatizo lake. Aliyening'inia alijishikiza kwa miguu ya kiwavi, na miguu hiyo ni sehemu ya ngozi inayovuliwa. Bundo halina miguu. Lina mkia mfupi mweusi wenye vikulabu vingi vidogo, na mkia huo bado umo ndani ya ngozi kuukuu. Ili lisianguke, ni lazima liuchomoe mkia, liupeleke nje kando ya ngozi, na kuuchoma kwenye kile kitako cha hariri, bila kukiona, likiwa kichwa chini. Kwa muda huo mfupi kinacholishikilia ni mkunjo wa ngozi kuukuu lililoubana kwa pingili za tumbo. Mkia unapapasa, unakosa, unapapasa tena, unagusa hariri. Papo hapo bundo linaanza kujipinda huku na huku kwa nguvu. Linazidi kuvisokomeza vikulabu ndani ya nyuzi, na kwa kujipinda huko ngozi iliyokauka hudondoka. Wakati mwingine haidondoki. Haidhuru, iache ilivyo.

Mengi yanayoanguka huanguka hapo. Na hapo bundo ni laini kama udongo wa mfinyanzi, hata alama ya kidole ingebaki. Litaanza kukakamaa baada ya saa chache, lakini mimi silisogezi kabla ya siku mbili kwisha, hata kama limejitundika mahali pabaya.

Litazame kwa kioo cha kukuzia likiwa bado bichi. Utaona mabawa mawili mafupi yamelala ubavuni, vipapasio vimenyooshwa katikati ya kifua, miguu imepangwa, na mrija wa kunyonyea umelala kama mstari kati yake. Vyote vimechorwa juu ya ganda, na hata saa moja haijapita. Mwenye hadithi ya uji hapa huwa hana la kusema: umbo la nje la kipepeo limekwisha kuwepo kabla kazi ya ndani haijafika mbali.

Uji kiasi gani?

Hata hivyo hadithi hiyo haikutoka hewani. Ukilikata bundo la siku tatu au nne, kinachotoka ni majimaji mazito ya manjano, na mtu yeyote angesema ameona uji. Sehemu kubwa ya kiwavi kweli inavunjwavunjwa. Misuli ya kutambalia haina kazi kwa mdudu atakayeruka. Utumbo uliojengwa kwa majani hauwafai wanywaji wa maji ya maua. Taya, tezi za hariri, ile miguu minene ya nyuma: vyote vinaondolewa. Uvunjaji wenyewe una utaratibu. Seli hupokea ishara na kujimaliza, kila kundi kwa wakati wake, na protini na mafuta yake hutumiwa na zile zinazojenga. Kiwavi alikula kwa ajili ya siku hizi. Bundo halili wala halinywi. Kila chembe ya kipepeo ilipita kwanza mdomoni mwa kiwavi.

Ila mirija ya hewa haiyeyuki. Wadudu hawana mapafu. Hewa huingia kwa matundu ubavuni na kusafiri kwa mirija hadi kwenye kila kiungo. Mwaka 2013 watafiti nchini Uingereza walichapisha picha za eksirei za pande tatu za mabundo ya Vanessa cardui, kipepeo anayepatikana karibu kila bara, wakiyapiga picha yaleyale siku baada ya siku bila kuyaua. Mirija ya hewa ilionekana dhahiri tangu mwanzo kabisa wa ubundo, ikaendelea kukua na kupanuka. Moyo, ambao kwa mdudu ni mrija unaopita mgongoni, nao hubaki. Na neva hubaki, zikipogolewa na kuunganishwa upya.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa mwaka 2008, kutoka Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani. Viwavi wa nondo aitwaye Manduca sexta walifundishwa kuchukia harufu fulani kwa kupigwa shoti ndogo ya umeme kila walipoinusa. Waligeuka mabundo, wakatoka nondo, wakapewa njia mbili za kuchagua. Waliofundishwa katika hatua ya mwisho ya ukiwavi wengi wao waliikwepa harufu ile. Waliofundishwa wakiwa wadogo zaidi hawakuikwepa. Sababu inayoelekea kuwa ya kweli ni kwamba sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na kudumu hadi utu uzima huwa hazijakomaa mapema hivyo.

Uji haukumbuki kitu.

Kulisoma bundo kutoka nje

Swali ambalo kila mlezi huniuliza ni moja: limekufa au halijafa? Jibu linaanzia kwenye muda, na muda unategemea aina na joto. Vanessa cardui kwenye joto la kutosha hutoka baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Danaus plexippus, yule wa rangi ya chungwa anayehama masafa marefu Amerika ya Kaskazini, huchukua kama siku 10 hadi 14. Kukiwa na baridi siku huongezeka. Aina nyingine, hasa za wale wakubwa wenye mikia kwenye mabawa, huweza kusimamisha ukuaji kabisa na kukaa miezi, kungoja majira mabaya yapite. Mara nyingi uamuzi huo ulifanywa na kiwavi, aliyepima urefu wa mchana alipokuwa akila. Kwa hiyo wiki sita za ukimya si kibali cha kulitupa bundo. Lijue kwanza ni la nani.

Rangi nayo hudanganya. Kiwavi wa mlimau anaweza kutoa bundo la kijani, na ndugu yake wa mayai yaleyale akatoa la kahawia, kwa kutegemea mahali alipojishikiza: kwenye majani na vijiti laini mara nyingi kijani, kwenye gome kavu lenye mikwaruzo kahawia. Si ugonjwa, ni kujificha. Madoa ya dhahabu yanayong'aa kwenye mabundo ya jamii ya Danaus nayo hayana chembe ya madini. Ni matabaka membamba ya ngozi yanayorudisha mwanga kwa namna ya pekee, na mdudu akishatoka ganda halibaki na mng'ao huo. Wagiriki waliliita bundo kwa neno litokanalo na dhahabu kwa sababu hiyohiyo.

Bundo lililo hai ni zito kuliko unavyotarajia, na mengi yakiguswa kwa unyoya hutikisa tumbo. Lililokufa kwa kukauka huwa jepesi kama ganda la karanga. Lililokufa kwa vijidudu huwa laini, hunuka, na hutoa maji meusi. Au pingili za tumbo hunyooka na kuachana, likawa refu kuliko lilivyokuwa.

Halafu kuna wavamizi. Nzi wa jamii ya Tachinidae hutaga kwenye kiwavi. Mabuu yao hula ndani, kisha hutoboa na kushuka, wakiacha nyuzi nyeupe za utelezi zikining'inia kwenye bundo. Ukiziona nyuzi hizo, usitegemee kipepeo. Nyigu aitwaye Pteromalus puparum ana hila zaidi. Ana urefu wa milimita 3 tu au chini ya hapo, na humkalia kiwavi akimngoja ageuke, kwa kuwa ngozi anayoweza kuitoboa ni ile ya bundo bichi. Wiki kadhaa baadaye kinachotoka ni makumi ya nyigu kupitia tundu dogo la duara. Ndiyo sababu ya chandarua chenye matundu madogo kabisa, na ndiyo sababu ya kuwaleta viwavi ndani mapema kuliko kungoja wanenepe.

Na weusi ulioniponza? Tofauti ni mpangilio. Weusi wa kifo huanza kama doa, upande mmoja, ukasambaa bila adabu. Weusi wa kutoka huja pande zote mbili sawasawa. Rangi za mabawa hazitokei kwa pamoja: nyekundu na manjano hutangulia, nyeusi huja mwishoni kabisa, katika siku ya mwisho hivi. Washa tochi nyuma ya bundo lililogeuka jeusi. Ukiona michirizi, madoa, ukingo wa bawa, weka kila kitu chini, usiguse.

Mikono yako ifanye nini

Machache. Bundo linapumua, kwa hiyo lisifungiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa. Linapoteza maji kidogo kidogo muda wote na haliwezi kuyarudisha kwa kunywa, kwa hiyo lisikae mbele ya feni wala juani. Kwenye hewa kavu mimi hunyunyiza maji kidogo ndani ya kizimba mara moja kwa siku, chandarua kipate unyevu, wala si kulilowesha bundo lenyewe. Ukungu ni adui mbaya kuliko ukavu.

Kilicho muhimu kuliko vyote ni nafasi. Chini ya bundo pawe na uwazi unaozidi mara mbili urefu wa bawa la mdudu mzima, na kando yake pawe na kitu cha kukwaruza, chandarua au kijiti chenye gome, ambacho kipepeo atakipanda. Chupa ya kioo ni jela kwa ajili hiyo: kuta zake zinateleza.

Likianguka, bado lina tumaini. Kama hariri imetoka nalo, ichome pini kwenye kifuniko. Kama haikutoka, funga uzi mwembamba wa kushonea chini ya ile ncha ya mkia, kitanzi kimoja, usikaze hadi kuibana pingili, kisha ulitundike. Wengine hutumia tone la gundi kwenye ncha. Sawa, ila isiwe gundi ya moto. Na mabundo ya wale wanaojifunga kiunoni si lazima kuyatundika: yalaze juu ya kitambaa kikavu mguuni pa ukuta wa chandarua. Kipepeo akitoka atatembea hadi ukutani na kupanda.

Asubuhi ya kutoka

Mara nyingi ni asubuhi. Ganda linachanika kichwani, miguu inatangulia, na baada ya dakika moja au mbili yuko nje, kituko cha kuangalia: tumbo limefura kama pipa, mabawa ni madogo, manene, yamelegea. Anapanda, anajitundika, mabawa yakielekea chini. Kisha anabana tumbo na kuisukuma damu yake, ambayo si nyekundu, kwenye mishipa ya mabawa. Yananyooka huku unayatazama, na katika robo saa hivi yamefika ukubwa wake. Baada ya hapo hukakamaa. Ndani ya muda huo mfupi akianguka na kukosa pa kupanda, mabawa yatakakamaa yakiwa yamejikunja, na hakuna dawa. Ndicho kilichompata wangu wa kwanza, ndani ya karatasi.

Kuna hadithi inayopendwa sana mimbarani na kwenye semina za kutiana moyo. Mtu alimhurumia kipepeo aliyekuwa akihangaika kutoka, akalikata ganda kwa mkasi, kipepeo akatoka kilema, kwa sababu ati ni mahangaiko ya kupenya ndiyo yanayosukuma maji kwenye mabawa. Niseme wazi kwamba hadithi hiyo inanikera. Kipepeo mzima wa afya hahangaiki kwa saa nyingi. Hutoka upesi, na mabawa huyajaza akiwa nje, si mlangoni. Anayekwama kutwa nzima mara nyingi alikwisha kupatwa kabla: bundo lilikauka mno, lilibonyezwa likiwa bichi, au ana vimelea. Kwa Danaus plexippus kuna kimelea kimoja cha seli moja kinachojulikana kwa hilo, Ophryocystis elektroscirrha, ambacho wakati mwingine hujionyesha kama madoadoa ya kijivu yasiyo na mpangilio kwenye bundo kabla rangi za mabawa hazijaja. Mkasi usiutumie, sawa. Lakini si kwa sababu ya lile somo la mimbarani.

Utaona pia matone mekundu chini. Usishtuke, hakujikata. Ni taka zilizojikusanya mwilini muda wote wa ujenzi, na huzitoa mara tu baada ya kunyoosha mabawa. Matone hayo yaliwahi kutia mji mzima hofu. Julai 1608, huko Aix-en-Provence, Ufaransa, watu walikuta kuta zina madoa mekundu wakasema imenyesha mvua ya damu. Msomi mmoja wa hapo, Nicolas-Claude Fabri de Peiresc, alikuwa amehifadhi bundo kubwa ndani ya kisanduku, akilea kama tunavyolea sisi. Kipepeo alipotoka, akaona tone jekundu limebaki chini. Akaenda kuyakagua madoa ya mjini, akakuta mengi yako chini ya kingo na ndani ya mianya ya mawe, mahali ambapo mvua haifiki lakini kiwavi anayetafuta pa kujitundika hufika. Bundo moja la kwenye kisanduku likamaliza mjadala, angalau kwake.

Wakati mabawa yanakauka, tazama mdomo. Mrija wa kunyonyea hutoka ukiwa vipande viwili, na kipepeo huukunja na kuukunjua mara nyingi hadi vishikamane kuwa mrija mmoja. Asipofaulu, hatakunywa. Haya huchukua saa moja au mbili, na yeye hana njaa kwa sasa. Usimsogezee maji ya sukari bado. Akianza kufungua na kufunga mabawa polepole, fungua kizimba, mchana, pasipo na mvua.

Ganda lililobaki usilitupe mara moja. Linyanyue kwenye mwanga. Ni jembamba kama ngozi ya kitunguu, na bado lina kila kitu: ala ya bawa la kushoto na la kulia, ala za vipapasio, za miguu, ya mrija. Chungulia ndani kupitia mpasuko wa kichwani. Utaona nyuzi nyeupe, laini kuliko unywele, zimeshikamana na ubavu, jozi baada ya jozi. Ni bitana ya ile mirija ya hewa, aliyoivua pamoja na ganda alipotoka.